Saini ya nje ya maktaba: kubadilisha katiba ya jimbo la Ohio na kura yako inakoishia

Swali: Mimi ni Mkenya niliyepata uraia wa Marekani, naishi Columbus, Ohio. Mwaka 2023 nilipiga kura mara mbili, Agosti na Novemba, na mara zote mbili karatasi iliandikwa Issue 1, yaani Hoja ya Kwanza. Hadi leo mimi na mume wangu tunabishana tulipigia nini. Nyumbani nilipiga kura ya katiba mwaka 2010, na nchi nzima ilisimama. Hapa juzi kijana mwenye makaratasi amenisimamisha nje ya maktaba, anataka saini yangu ili katiba ya jimbo ibadilishwe. Saini hiyo ina uzito gani? Ni haki kweli mambo mazito kama utoaji mimba na ndoa yaamuliwe kwa nusu ya kura na moja juu? Na wabunge wasipoyapenda matokeo, si watayafuta tu?

Jibu: Dada yangu, nianze na swali lako la katikati, kwa sababu hiyo katiba ya nyumbani uliyoipigia kura inatusaidia kulijibu. Agosti 2010 Kenya nayo haikudai kura nyingi ajabu. Kambi ya kijani, ya ndiyo, ilipata takriban asilimia 67, lakini ilichohitaji ni zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane ya wakati ule. Na utakumbuka makanisa mengi yaliingia kambi nyekundu, ya hapana, kwa ajili ya mambo mawili hasa: mahakama za Kadhi, na Kifungu cha 26 kinachohusu uhai na utoaji mimba. Kwa hiyo mada ile ile iliyowagawa watu wa Ohio iliwagawa Wakenya miaka 13 kabla, na kule pia ikapita kwa wingi wa kawaida.

Ugeni unaouhisi unatokana na vizuizi vinavyotangulia kura. Chini ya Kifungu cha 257 cha katiba ya Kenya, mwananchi anayetaka marekebisho akusanye saini milioni moja, tume ya uchaguzi izihakiki, mabunge ya kaunti 24 kati ya 47 yakubali, halafu Bunge la taifa. Hoja ya Punguza Mizigo ya mwanasiasa Ekuru Aukot ilipita kwenye saini mwaka 2019, ikaenda kufia kwenye mabunge ya kaunti. BBI, mpango wa mageuzi ya katiba wa Rais Uhuru Kenyatta, ilipita kwenye kaunti kwa kishindo, ikazuiwa na majaji, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema Rais hana ruhusa ya kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekewa wananchi. Msururu ni mrefu, na katika kila hatua kuna mtu wa kusema hapana.

Ohio ilifungua njia yake mwaka 1912, enzi ambayo wananchi wa majimbo mengi ya Marekani waliamini mabunge yao yamewekwa mfukoni na kampuni za reli na matajiri wa viwanda. Dawa waliyoiandika ilikuwa kumpita mbunge kabisa. Wenye hoja wanaanza na saini 1,000 wanazopeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, naye anaangalia kama muhtasari unalieleza pendekezo kwa ukweli. Bodi ya Kura inaamua kama ni jambo moja au mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Baada ya hapo ni barabarani. Zinatakiwa saini zinazofikia asilimia 10 ya kura zilizopigwa kumchagua gavana mara ya mwisho, na zitoke angalau katika kaunti 44 kati ya 88, kila moja ikitoa walau asilimia 5 yake. Mwaka 2023 hesabu hiyo ilikuwa saini 413,487. Waliotaka haki ya uzazi, pamoja na utoaji mimba, iandikwe kwenye katiba walipeleka zaidi ya 700,000, na zilizokubaliwa zikawa 495,938. Bunge la jimbo haliulizwi, na gavana hana kura ya turufu. Pendekezo linakwenda moja kwa moja kwenye karatasi ya kura.

Usidhani Marekani nzima iko hivyo. Katiba ya taifa yenyewe haibadilishwi kwa kura ya wananchi moja kwa moja; hubadilishwa na theluthi mbili za mabaraza yote mawili ya Bunge pamoja na robo tatu ya majimbo, na tangu ianze imefanyiwa marekebisho 27 tu. Kwa upande wa katiba za majimbo, ni majimbo 18 tu yaliyoandika kwamba mwananchi anaweza kuanzisha marekebisho kwa saini. Ukihamia Texas au New York, hakuna kijana wa maktaba. Pendekezo la katiba lazima litoke bungeni. Delaware wamekwenda mbali zaidi, wabunge wao hubadilisha katiba ya jimbo bila kuwauliza wapiga kura hata kidogo.

Na kati ya hayo 18, Mississippi ni ya karatasi tu. Kisa chake nakipenda kwa namna kilivyo cha kijinga. Katiba yao ilidai saini zigawanywe sawasawa katika wilaya tano za uchaguzi wa Bunge la Marekani. Baada ya sensa ya mwaka 2000 jimbo likapoteza wilaya moja, zikabaki nne, na hakuna aliyejishughulisha kurekebisha sentensi ile. Wapiga kura wakaruhusu bangi ya tiba mwaka 2020 kwa wingi mkubwa. Mei 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema saini za wilaya tano haziwezi kupatikana mahali palipo na wilaya nne. Pendekezo likafutwa, na njia yote ya wananchi ikafungwa pamoja nalo.

Sasa turudi kwenye haki. Mwaka 2004 Ohio iliandika kwenye katiba yake kwamba ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Kura za ndiyo zilikaribia asilimia 62, na siku hiyo hiyo ya Novemba majimbo 11 yalipitisha mambo ya namna hiyo. Waliofurahi siku ile walisema wananchi wamenena, mahakama zinyamaze. Waliolia walisema haki za wachache hazipigiwi kura. Mwaka 2023 wakabadilishana maneno: waliolia 2004 ndio waliosema wananchi wamenena, na waliofurahi ndio waliosema katiba si kitu cha kuchezewa kwa asilimia 50. Mimi nimewasikia watu wenye akili zao wakitetea pande zote mbili bila hata kuona aibu. Kwa hiyo mtu akikuambia wingi wa kawaida ni haki au si haki, muulize alisemaje siku upande wake uliposhinda.

Kuna kikomo, nacho kiko juu ya jimbo. Katiba ya jimbo inaweza kuwapa watu haki zaidi ya zile za Katiba ya Marekani, haiwezi kuwapunguzia. Mwaka 1992 wapiga kura wa Colorado walizuia miji yao kuwalinda mashoga na wasagaji dhidi ya ubaguzi, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani ikalibatilisha katazo lile. Lakini mfano wenyewe kabisa unatoka hapo Ohio. Jim Obergefell na mwenzake John Arthur walikuwa wakazi wa Cincinnati. Arthur alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaopoozesha mwili kidogo kidogo. Julai 2013 walikodi ndege ya wagonjwa, wakaruka hadi Maryland ambako ndoa yao ilikuwa halali, wakafunga ndoa humo ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani, wakarudi nyumbani. Wakili akawaambia kwamba kwa katiba ya Ohio, ile ya asilimia 62, cheti cha kifo cha Arthur kingesomeka kwamba hakuwa na mwenzi. Wakashtaki kwa ajili ya mstari mmoja kwenye cheti. Arthur akafa Oktoba mwaka huo. Kesi ikaendelea hadi Washington, na tarehe 26 Juni 2015, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ndoa za jinsia moja zikawa halali nchi nzima. Kesi inaitwa Obergefell dhidi ya Hodges, na huyo Hodges alikuwa mkuu wa idara ya afya ya Ohio, ofisi inayotoa vyeti vya vifo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kile kifungu cha 2004 hakikufutwa. Kingali kwenye Ibara ya 15 ya katiba ya Ohio, kimelala. Kikilala kwa uamuzi wa mahakama, uamuzi mwingine unaweza kukiamsha. Ndiyo maana California, iliyopitisha katazo kama hilo mwaka 2008 kwa asilimia 52, iliona heri irudi kwa wapiga kura mwaka 2024 kuliondoa kwa kura, na Colorado na Hawaii zikafanya usafi wao siku ile ile.

Utoaji mimba ulikwenda kinyume chake. Kwa karibu miaka 50 kikomo cha juu, Mahakama ya Juu ya Marekani ikiilinda haki hiyo, ndicho kilichotawala, na majimbo yakabaki kubishana pembeni. Tarehe 24 Juni 2022, katika kesi ya Dobbs, Mahakama ya Juu ilisema Katiba ya Marekani haina haki hiyo, na jambo lote likarudishwa majimboni. Ghafla katiba za majimbo, ambazo watu wengi walikuwa hawajui hata kama zipo, zikawa na kazi. Kansas ilikuwa ya kwanza, Agosti 2022. Pale ni wabunge waliopeleka pendekezo, wakitaka katiba ya jimbo iseme haki hiyo haimo, na jimbo lile la wahafidhina likawakatalia kwa asilimia 59. Novemba yake Kentucky nayo ikakataa, Michigan ikapitisha la kwake la kulinda haki hiyo. Wabunge wa Ohio walikuwa wanasoma magazeti kama watu wengine. Walijua saini zinakusanywa, na waliona asilimia ambazo pendekezo la namna hii hupata kwingineko: hamsini na kitu, mara chache sitini.

Hapo ndipo Agosti yako ilipozaliwa. Issue 1 ya tarehe 8 Agosti 2023 haikutaja mimba mahali popote. Iliuliza kama kuanzia sasa marekebisho ya katiba yahitaji asilimia 60 badala ya nusu, kama saini zitoke katika kaunti zote 88 badala ya 44, na kama zile siku kumi za kujaza upungufu wa saini ziondolewe. Wabunge hao hao walikuwa wametoka kupitisha sheria ya kufuta chaguzi nyingi za Agosti kwa sababu watu hawajitokezi na gharama ni kubwa. Miezi michache baadaye wakaitisha ya kwao. Katibu wa Jimbo, ofisa anayesimamia uchaguzi, wakati ule Frank LaRose, alisema mbele ya wanachama wenzake wa Republican kwamba lengo lilikuwa kuzuia pendekezo la utoaji mimba lisiingie kwenye katiba. Watu zaidi ya milioni tatu wakatoka kupiga kura katikati ya likizo, na asilimia 57 wakasema hapana.

Mabishano yenu na mume wako yanaeleweka basi. Issue 1 ya Novemba ndiyo iliyokuwa ya utoaji mimba. Aliyekuwa anapinga utoaji mimba aliombwa na kampeni ya upande wake apige ndiyo Agosti na hapana Novemba. Anayeunga mkono haki ile aliombwa apige hapana Agosti na ndiyo Novemba. Namba ilikuwa moja kwa sababu wakati ule hesabu ilianza upya kila uchaguzi. Na wapo waliopiga hapana zote mbili wakijua wanachofanya: hawautaki utoaji mimba, na hawataki pia kuongezewa vizingiti.

Ukiniuliza mimi, asilimia 60 si dhambi. Katiba inastahili kuwa ngumu kuliko sheria ya kawaida. Florida waliwahi kuandika kwenye katiba yao, mwaka 2002, jinsi ya kumfuga nguruwe mwenye mimba, ukubwa wa kizimba na yote, na sioni aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu anayeweza kutetea kwamba hapo ndipo mahali pake. Ninachokikataa ni kubadilisha sheria za mchezo mpira ukiwa tayari uwanjani, na kuubadilisha huo wingi kwa wingi mdogo kuliko unaoudai. Florida hiyo hiyo ilijiwekea asilimia 60 mwaka 2006, kwa kura za ndiyo zisizofika 58. Mwaka 2024 pendekezo lao la utoaji mimba likapata asilimia 57 na kidogo, likaanguka. La Ohio mwaka mmoja kabla lilipata 56.8, likapita. Watu wachache zaidi kwa uwiano, matokeo kinyume, na tofauti yote iko kwenye kizingiti ambacho wapiga kura wengi wa siku hiyo hawakumbuki kilivyowekwa. Ndiyo sababu nakuambia, ukikutana tena na hoja kavu ya utaratibu, ya asilimia na kaunti na tarehe, isome kwa makini kuliko ile yenye picha za watoto na wanawake kwenye mabango.

Maneno nayo ni sehemu ya kizingiti. Novemba 2023 hukusoma maandishi kamili ya marekebisho kwenye karatasi yako. Ulisoma muhtasari ulioandikwa kwa amri ya Bodi ya Kura, ambayo LaRose ndiye mwenyekiti wake. Muhtasari ulisema mtoto ambaye hajazaliwa, maneno yasiyokuwemo kwenye pendekezo lenyewe. Waandalizi walikwenda Mahakama ya Juu ya Ohio, wakapata sahihisho moja: muhtasari ulisema pendekezo linawazuia raia wa Ohio, na majaji wakataka isemwe linalizuia jimbo, maana katiba ilikuwa inaifunga serikali na si jirani yako. Mengine yote yakabaki. Mwenye kalamu ana nguvu, na hapo kalamu iko kwa mshindi wa uchaguzi mwingine kabisa, ule wa Katibu wa Jimbo, ambao watu wengi huuruka kwa kuona ni wa makarani.

Sasa hofu yako ya mwisho, kwamba wabunge watafuta tu. Inategemea ulipigia katiba au sheria. Siku ile ile ya Novemba 2023 mlipigia pia Issue 2, ya kuruhusu bangi kwa watu wazima, nayo ikapata asilimia 57. Lakini Issue 2 ilikuwa sheria ya kawaida iliyoletwa na wananchi, na sheria Bunge linaweza kuigusa. Kabla haijaanza hata kutumika, Seneti ya jimbo ilishapitisha muswada wa kuibadilisha. Issue 1 hawakuweza kuigusa hivyo, kwa sababu imo kwenye katiba, na kuitoa humo lazima warudi kwenu. Ukijiuliza kwa nini watu wanahangaika kuyapeleka mambo haya kwenye katiba, sababu ni hiyo, na wabunge wenyewe ndio wamewafundisha.

Hata hivyo katiba haijitekelezi. Sheria ya Ohio ya mwaka 2019, iliyozuia utoaji mimba mara mapigo ya moyo yanaposikika, kama wiki ya sita, haikuyeyuka usiku wa kura. Ilibidi kesi iendelee, na jaji wa kaunti ya Hamilton akaibatilisha Oktoba 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Florida mwaka 2018 iliwarudishia haki ya kupiga kura waliomaliza vifungo, kwa zaidi ya asilimia 64. Mwaka uliofuata Bunge likasema kumaliza kifungo maana yake ni pamoja na kulipa faini na gharama zote za mahakama, na maelfu wakabaki nje. Missouri walilinda utoaji mimba kwenye katiba Novemba 2024 kwa takriban asilimia 52, na Mei 2025 wabunge wakapitisha pendekezo la kuwarudishia wapiga kura jambo lile lile ili walifute. Kwa hiyo hapana, hawafuti tu. Lakini wanasubiri, wanatafsiri, na wanauliza tena.

Imebaki saini yako. Kusaini si kupiga kura. Ni kusema jambo hili lifike mbele ya watu, na unaweza kusaini leo ukalipinga Novemba. Mtu anayekuomba huenda analipwa, na hilo si kosa. Mwombe maandishi kamili ya pendekezo, kwa sababu sheria inamtaka awe nayo kwenye hizo karatasi, na asikupe muhtasari wa mdomo. Angalia karatasi ni ya kaunti yako, maana kila kaunti ina yake, na andika anwani ile ile uliyojiandikishia kupiga kura. Ukihama bila kubadilisha anwani, saini yako ni mojawapo ya zile zinazotupwa kwenye uhakiki. Usimsainie mume wako, hata kama amekutuma.

Mkiwa na ndugu nyumbani ambao bado ni wa green card, wao wasisaini kabisa. Ni ya wapiga kura walioandikishwa, na kosa la namna hiyo linaweza kuwagharimu kwenye faili la uraia. Na kuna jingine jipya: mwaka 2024 Ohio ilipitisha sheria inayowazuia wasio raia, hata wakazi wa kudumu, kuchangia fedha kampeni za hoja hizi. Imepingwa mahakamani, lakini mahakama ya rufaa iliruhusu itumike kesi ikiendelea. Kwa hiyo harambee ya kanisani au ya kikundi kwa ajili ya kampeni kama hiyo, upande wowote ule, kabla ya kupitisha kapu muulizeni wakili.